Gari la kukodi ugenini: wanachowinda ni dhamana yako, siyo kodi ya siku

Tairi la Akiba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimelikalia jambo hili karibu miaka miwili. Nalitoa leo kwa sababu kila mara namwona mtu anauliza, "Nikifika nchi fulani nikodi gari wapi kwa bei poa?" Nionavyo mimi, swali hilo linaanzia mkiani. Bei ya siku ni kitu cha mwisho kuangalia. Anza na hili: dhamana ni kiasi gani, inashikwa na nani, na itarudi kwa masharti gani. Bima, mafuta, mikwaruzo na faini ni milango tu ya kuifikia hela hiyo.

Nisimulie yangu.

Tulitua kisiwa kimoja cha Ulaya ya kusini saa tano usiku. Gari nilishalilipia mtandaoni kupitia tovuti ya kulinganisha bei, na kwa siku lilikuwa rahisi kuliko teksi ya kutoka uwanjani. Kumbe ofisi yenyewe haiko uwanjani. Linakuja basi dogo kuwasomba, mnakwenda dakika kumi na tano, mnashushwa kwenye jengo lenye taa moja na foleni ya watu waliochoka. Kijana wa kaunta alikuwa mpole sana. Akaniuliza kama nina bima. Nikamwambia ninayo, nilinunua siku ile ile niliyolipia gari. Akatabasamu: "Hiyo sisi hatuitambui."

Akanigeuzia kishikwambi. Ama ninunue bima yake kwa siku zote, ambayo ilikuwa inazidi kodi ya gari lenyewe, ama izuiwe dhamana kwenye kadi yangu, karibu mara nne ya kodi yote. Mtoto amelala begani kwa mama yake, nyuma yangu watu kumi wanahema. Nikamwambia zuia. Nikasaini kwenye kile kisanduku cheupe. Maandishi yalikuwa juu yake, sikuyavuta hata mstari mmoja.

Nje manyunyu. Gari limelowa, limeegeshwa chini ya taa ya njano. Kwenye karatasi yake kuna mchoro wa gari wenye alama mbili za X. "Lipo safi," akasema. Nikalizunguka mara moja, nikapiga picha nne, tukaondoka.

Siku ya kurudisha nikampata mama mmoja mwenye tochi, na ilikuwa saa sita mchana jua kali. Milango hakuitazama. Bampa hakuitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye rimu ya nyuma kulia, akachuchumaa, akapitisha kidole, akainuka. Mkwaruzo wa urefu wa njiti ya kiberiti. Mpaka leo naamini alijua ulipo kabla hajachuchumaa. Nikafungua picha zangu. Rimu ile inaonekana kwenye moja tu, nayo ni giza na matone ya maji.

Walikata gharama ya rimu, wakaongeza "ada ya kushughulikia uharibifu" iliyokuwa kubwa kuliko rimu. Ile bima ya mtandaoni ilinirudishia sehemu baada ya wiki tisa. Ada ya ofisi hawakuigusa, wanasema haimo.

Naendelea chini, msinikatize kwanza.

Tairi la Akiba

Kuhusu bima, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa tukiwa macho.

Nchi nyingi bei ya kodi inakuja na bima ya gari likigongwa au kuibwa, lakini siyo kila mahali. Marekani, kwa mfano, mara nyingi hiyo ni nyongeza unayoinunua, kwa hiyo soma kwanza. Ikiwemo, huwa na eksesi, yaani kile kiasi unachobeba wewe kabla bima haijatoa hata senti. Dhamana inayozuiwa kwenye kadi mara nyingi imepimwa kwa eksesi hiyo. Kaunta wanakuuzia kuishusha eksesi hadi sifuri. Mtandaoni, kampuni nyingine kabisa inakuuzia bima ya eksesi kwa bei ndogo, ila haiondoi dhamana: gari likipata tatizo unalipa kwanza, unakusanya karatasi, kisha unadai urudishiwe.

Kwa hiyo yule kijana hakunidanganya aliposema hawaitambui. Alichoninyima ni nusu ya pili, kwamba haihitaji kutambuliwa naye. Ni mkataba wangu na watu wengine. Ningelijua hilo usiku ule ningesimama kaunta nimetulia, siyo na ile hofu ya mtu aliyekamatwa hana tiketi.

Na neno "bima kamili" lisikulaze. Nyingi zinaacha nje tairi, vioo, paa, sehemu ya chini ya gari, ufunguo kupotea na kujaza dizeli kwenye gari la petroli. Angalia hayo uliyoachwa nayo, ndiyo yanayoharibika.

Kadi nayo. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo, yenye jina la dereva mkuu, siyo la mke wala la rafiki anayefuata kwa ndege ya kesho. Ukifika na kadi ya kawaida ya benki au ile ya kujaza hela, unaweza kuambiwa haifai, na hapo dawa pekee inakuwa kununua bima yao. Wakati mwingine ni sharti la kweli lililoandikwa mtandaoni ukaliruka. Lisome kabla hujalipia. Tofauti nyingine: kwenye kadi ya mkopo wanazuia sehemu ya kikomo chako, kwenye kadi ya benki wanafunga hela yako halisi, na kufunguliwa kwake kunaweza kuchukua siku au wiki. Ukiwa na safari ya siku kumi na hela ya kula imefungiwa humo, utanikumbuka.

Mashine ikikuuliza ukatwe kwa sarafu ya kwenu au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Hiyo nyingine ina kiwango chao cha kubadilishia.

Nusu Tanki

Pole sana mkuu. Ila nikuulize, si ulifuata bei rahisi? Makampuni makubwa hayana mambo haya.

Tairi la Akiba

Nusu Tanki, rahisi niliifuata, nakiri. Lakini ukubwa peke yake hauponyi. Tume ya Ulaya na mamlaka za kulinda walaji ziliyabana makampuni matano makubwa, yakaahidi mwaka 2015 kubadili mwenendo, na mwaka 2017 ikatangazwa kuwa yamerekebisha: bei ionyeshe gharama zote za lazima, bima ielezwe inafunika nini, mteja aonyeshwe ushahidi wa uharibifu kabla hajakatwa. Usingehitaji kuahidi hayo kama ulikuwa unayafanya.

Kuna la kutisha zaidi. Mwaka 2022 kampuni moja kubwa ya Marekani ilikubali kulipa takriban dola milioni 168 kumaliza madai 364, mengi ya wateja waliodai kuripotiwa polisi kwa wizi wa magari waliyoyakodi kihalali. Baadhi walikuwa wameongeza siku. Kwa hiyo ukiongeza hata siku moja, usiridhike na "sawa" ya kwenye simu. Wakutumie kwa maandishi, uiweke kwenye simu na karatasi uiache ndani ya gari.

Kampuni kubwa ina faida moja ya kweli: kuna mahali pa kulalamika.

Pasi Mkononi

Mimi sikufika hata kaunta. Nilitafuta mtandaoni namba ya huduma kwa wateja ya kampuni inayojulikana, nikapiga namba ya kwanza iliyotokea juu. Ilikuwa tangazo la kulipia. Dada akapokea kwa jina la kampuni, nyuma yake unasikia simu nyingine zinaita, kila kitu sawasawa. Akaniambia kuna ofa ya nusu bei nikilipa sasa hivi, na malipo ni kwa kadi za zawadi: ninunue dukani, nikwangue, nimsomee tarakimu.

Nilisoma tarakimu za kadi ya kwanza. Nikasoma za ya pili. Aliponiomba ya tatu kwa "bima inayorudishwa" ndipo nikaamka. Gari halikuwepo, ofisi haikuwepo.

Tairi la Akiba

Pole dada/kaka. Hilo lilishamiri hasa 2021 Marekani magari ya kukodi yalipoadimika, mashirika ya kulinda wateja yakawa yanaonya juu ya kitu hicho hicho: kampuni hewa na kadi za zawadi. Hakuna kampuni halali inayokodisha gari kwa kusomewa tarakimu za kadi ya zawadi. Wala kwa kutumiwa hela moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu binafsi.

Namba ya simu ichukue ndani ya tovuti ya kampuni yenyewe, na anwani ya tovuti uiandike kwa mkono wako. Soma anwani herufi kwa herufi. Wanapenda kuongeza neno moja baada ya jina linalojulikana. Kisha tafuta ofisi kwenye ramani, uangalie picha za wateja. Ukikuta ni geti la nyumba ya mtu, funga kompyuta.

Tovuti za kulinganisha bei nyingi ni halali, ila kumbuka unakuwa na mikataba miwili: mmoja na wakala, mwingine na mwenye gari. Wakigombana, kila mmoja anakurusha kwa mwenzake kama mpira.

Kondakta Mstaafu

Mleta uzi hujasema jinsi ya kupiga hizo picha. Huo ndio moyo wa habari.

Tairi la Akiba

Kweli mzee wangu. Siku hizi sipigi picha, napiga video moja isiyokatwa. Naanzia dashibodi na gari limewashwa: kilometa, mafuta, taa yoyote ya onyo. Natoka, naanza mlango wa dereva nazunguka polepole mpaka narudi pale pale. Kila rimu nainama, nasogeza simu mpaka chapa ya tairi isomeke. Chini ya bampa ya mbele, maana hapo pameshakwaruzwa na kingo za maegesho za watu hamsini kabla yako. Paa, ninyooshe mkono. Kioo cha mbele nakitazama kwa ubavu ili vidoa vya kokoto vionekane. Vioo vya pembeni, viti, tairi la akiba kama lipo. Natembea na kitambaa, likiwa limelowa nafuta kwanza rimu na bampa. Likiwa gizani naomba lisogezwe kwenye mwanga, na wakigoma nalisema hilo kwa sauti ndani ya video.

Halafu namrudia mtu wa kaunta na kila alama niliyoiona. Atasema, "Hivyo vidogo hatuhesabu." Mwambie aviandike hivyo hivyo. Asipoandika, vitumie kwa barua pepe ya ofisi ukiwa bado umesimama hapo, saa ibaki imeandikwa.

Kurudisha ni hivyo hivyo, na usiondoke bila karatasi au ujumbe unaosema hakuna uharibifu mpya. "Tutakutumia baadaye" ndiyo mlango wenyewe. Epuka kurudisha usiku kwa kutumbukiza ufunguo kwenye kisanduku, kwa sababu mikataba mingi inakuhesabu wewe ndiye mwenye gari mpaka wao watakapolikagua asubuhi. Kama hakuna namna, video ionyeshe gari, eneo la maegesho na ufunguo ukiingia.

Bibi Ramani

Niongeze la faini, wanangu. Miji mingi ya Italia ina maeneo ya katikati ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi saa fulani, wanayaita ZTL. Hakuna kizuizi wala askari, kuna alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na kamera. Ukilipita eneo lile mara tatu ukitafuta hoteli, ni faini tatu. Sheria yao inawapa mpaka siku 360 kumfikishia taarifa mtu anayeishi nje ya nchi. Mimi kwanza nilikatwa ada na kampuni ya gari kwa kuwapa polisi jina langu tu. Nikadhani yameisha. Faini yenyewe ikaja miezi saba baadaye, nimeshasahau hata rangi ya gari.

Hilo siyo utapeli, ni sheria. Ila hufanana na utapeli, na matapeli nao hutuma "faini" za uongo kwa ujumbe wa simu. Ukipata kiungo cha kulipia, usikibonyeze. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka iliyotajwa kwenye barua.

Tairi la Akiba

Shikamoo bibi, asante sana. Barabara za kulipia nazo ni vivyo hivyo. Florida nyingi hazina tena mtu wa kupokea hela, kamera inasoma namba ya gari. Kampuni itakuwekea huduma yake ya kulipia, na baadhi hutoza ada kwa kila siku ya mkataba hata siku uliyoegesha gari. Uliza kabla hujatoka kwenye geti. Uswisi na Austria barabara kuu zinahitaji stika au usajili wa kidijitali, angalia gari lako linao, hasa ukivuka mpaka kutoka nchi jirani. Na kuvuka mpaka wenyewe kunahitaji idhini iliyoandikwa kwenye mkataba. Bila hiyo bima inaweza kukukana.

Mafuta sina mengi: chagua lichukuliwe limejaa lirudi limejaa, jaza karibu na ofisi, tunza risiti. Ukiuziwa tanki zima mwanzoni, unachobakiza ni zawadi yao.

Abiria wa Dirishani

Wakuu hiyo leseni ya kimataifa naiona inauzwa mtandaoni, inafika ndani ya masaa mawili, ina nembo kama ya Umoja wa Mataifa. Ninunue?

Tairi la Akiba

Usinunue. Umoja wa Mataifa hautoi leseni kwa mtu yeyote. Leseni ya kimataifa inatolewa na chombo kilichoidhinishwa katika nchi iliyokupa leseni yako, na ni tafsiri tu: bila leseni yako halisi pembeni haina kazi. Ziko za Mkataba wa Geneva wa 1949, zinadumu mwaka mmoja, na za Mkataba wa Vienna wa 1968, mwisho miaka mitatu. Angalia unakokwenda wanakubali ipi. Japan, kwa mfano, inatambua ya 1949 pekee, mwenye ya 1968 anakwama kaunta na gari ameshalilipia.

Hasara ya ile ya bandia siyo bei yake. Ni pale unapogonga, kampuni ya bima inauliza leseni, na wewe unatoa kijikaratasi kilichochapwa na tapeli.

Nusu Tanki

Nilikuwa nabisha, sasa naandika kwenye daftari. Vipi wanaotaka pasi ya kusafiria ibaki kwao kama dhamana?

Tairi la Akiba

Hapana kabisa. Wape nakala. Thailand, hasa kwenye pikipiki na zile pikipiki za majini za Pattaya na Phuket, mchezo huo unajulikana miaka mingi: ukirudisha wanaonyesha uharibifu wa zamani, wanataja bei, na pasi iko kwenye droo yao. Unabishana vipi na mtu aliyeshika pasi yako na ndege ni kesho?

Bibi Ramani

Anayekwenda Iceland achunguze upepo na mchanga. Huko mlango wa gari unang'olewa na upepo ukiufungua bila kuushika, na bima ya kawaida mara nyingi haiugusi. Kuna bima za kokoto na za mchanga na majivu zinauzwa pembeni. Kwa kawaida nawaambia watu wakatae nyongeza za kaunta, ila kule ya kokoto mimi niliinunua na sijuti. Barabara zenye herufi F ni za magari ya kuvutwa na magurudumu yote manne tu.

Kondakta Mstaafu

Na ukishakatwa kwa dhuluma? Wengine tumeshaliwa tayari.

Tairi la Akiba

Andikia kampuni kwanza, uombe picha za uharibifu zenye tarehe, makadirio ya fundi na risiti ya matengenezo. Wengi wao hapo ndipo wanapolegea, maana rimu yenyewe haijatengenezwa, inamsubiri mteja anayefuata. Wasipojibu, nenda benki yako upinge malipo. Kwa Visa na Mastercard muda wa kawaida ni siku 120, usisubiri mpaka upate nafasi. Peleka mkataba, video na barua pepe. Mimi nilishindwa kwa sababu nilikuwa na ile picha ya matone.

Abiria wa Dirishani

Wakuu, nipo foleni sasa hivi, natumia intaneti ya uwanjani. Jamaa wa mbele yangu ameambiwa dhamana yake haipiti kwenye kadi, anauziwa bima. Zamu yangu inafuata. Nina kadi ya mkopo na nina bima ya eksesi.

Tairi la Akiba

Mpe kadi, mwambie azuie dhamana kama mkataba unavyosema, bima nyingine hutaki. Usieleze sana. Akikugeuzia skrini, ivute mpaka juu usome kila mstari wenye bei. Ukiona kitu hukukiomba, aondoe kabla ya sahihi. Foleni nyuma yako isikuharakishe, wao pia watapata zamu.

Abiria wa Dirishani

Kulikuwa na "huduma ya barabarani" imeshawekewa alama ya tiki. Nimemwambia aitoe, ameitoa bila hata kubisha. Dhamana imezuiwa. Nipo nje na gari sasa.

Kondakta Mstaafu

Rimu!

Abiria wa Dirishani

Nimechuchumaa hapa mzee. Ya mbele kushoto ina mkwaruzo na kwenye karatasi haimo. Narudi ndani.